Chama cha Wanafunzi na Nyumba Yake: Toka Bologna hata Lovanium

Wazazi wengi wakisikia habari ya chama cha wanafunzi wa chuo kikuu, moyo wao hushtuka. Mara hufikiri migomo, mawe barabarani, askari, na mtoto kurudi nyumbani bila diploma. Mzazi wa Kiringye aliyeuza magunia ya mpunga, au aliyetoa ng'ombe zizini ili mwanawe apite Kamanyola, apande mlima wa Ngomo na kufika chuoni Bukavu, humwagiza hivi: "Usome tu. Mambo ya vyama uwaachie wengine." Agizo hilo latoka katika upendo, wala hatulidharau. Lakini yafaa tujue habari ya vyama hivyo tangu mwanzo wake, maana si habari ya fujo tu. Ni habari ya kitanda na chakula, ya mgonjwa asiye na ndugu karibu, na ya neno la mdogo kusikiwa na mkubwa. Tena Kanisa letu limo ndani yake tangu zamani sana.

Chama kilitangulia majumba

Neno la Kilatini universitas, ambalo watu wa Ulaya walilitumia kuita chuo kikuu, hapo kale halikuwa na maana ya majumba wala ya vitabu. Maana yake ilikuwa jamii ya watu waliofungamana kwa kazi moja, yaani chama. Mafundi wa mji waliweza kuwa universitas, na wachuuzi vilevile.

Katika karne ya 12 vijana wengi walikwenda mji wa Bologna, nchi ya Italia, kujifunza sheria. Walitoka mbali, wengine ng'ambo ya milima mirefu. Hapo mjini walikuwa wageni, na sheria za mji ziliwalinda wenyeji. Mwenye nyumba aliweza kumpandishia mgeni kodi kadiri alivyopenda. Mgeni aliweza hata kukamatwa kwa deni la mtu mwingine, kwa sababu tu walitoka nchi moja. Karibu na mwaka 1158 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa amri ya kuwalinda wanafunzi walio safarini. Ilikuwa amri njema, lakini Kaisari alikaa mbali, na mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

Basi wanafunzi wakajipanga wenyewe kwa makundi, kadiri ya nchi walizotoka. Makundi hayo waliyaita "mataifa". Wakachagua wakuu, wakaweka mfuko wa pesa, wakapatana na wenye nyumba juu ya kodi iliyo ya haki. Aliyeugua alitazamwa na wenzake, na aliyekufa ugenini alizikwa na wenzake kwa sala za Kanisa. Huo ndio mwanzo wa chama cha wanafunzi. Tazameni, basi, kazi yake ya kwanza ilikuwa nini: nyumba ya kulala, msaada wa mgonjwa na maziko ya Kikristu.

Papa Gregori na wanafunzi wa Paris

Huko Paris, nchi ya Ufaransa, chuo kilikuwa kimekwisha kuwa na sifa kubwa. Mwaka 1229, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, wanafunzi kadhaa waligombana na mwenye kilabu cha divai kwa ajili ya malipo, wakapigwa. Kesho yake walirudi na wenzao, wakavunja vitu na kuwapiga watu. Hilo lilikuwa kosa, wala hakuna sababu ya kulificha. Lakini askari waliotumwa kuwaadhibu waliwaangukia wanafunzi wengine ambao hawakuwamo katika ugomvi ule, wakawaua baadhi yao. Walimu wakataka haki, hawakuipata. Wakafunga vitabu, chuo kikatawanyika karibu miaka miwili.

Mtu angeweza kudhani kwamba Baba Mtakatifu angewakemea tu wale vijana. Papa Gregori IX hakufanya hivyo. Tarehe 13 Aprili 1231 alitoa barua ambayo kwa Kilatini huitwa Parens scientiarum, ndiyo kusema "Mzazi wa elimu". Katika barua hiyo aliwakataza wanafunzi kutembea mjini na silaha, na alitaka mwanafunzi awe mwanafunzi kweli, mwenye mwalimu wake. Lakini aliagiza pia kwamba bei ya vyumba vya kupanga iwekwe kwa haki, na kwamba mwanafunzi asitiwe gerezani kwa ajili ya deni. Tena aliwaruhusu walimu kusimamisha masomo, ikiwa mwanafunzi ameuawa au ameumizwa vibaya na haki haikutendeka, au ikiwa wamenyimwa haki ya kupima kodi za vyumba.

Hapa yafaa tuzingatie neno moja. Papa aliweka pamoja mambo mawili ambayo wengi hupenda kuyatenga: kodi ya chumba na haki ya kusema. Aliona kwamba mwanafunzi asiye na mahali pa kulala hawezi kusoma, na kwamba mwanafunzi asiyeweza kulalamika hatadumu na mahali pa kulala. Tukishika jambo hili, habari zote zinazofuata zitaeleweka.

Watu wengine wa Kanisa walisaidia kwa njia ya nyumba. Karibu na mwaka 1257 padre Robert de Sorbon, aliyemtumikia Mtakatifu Ludoviko mfalme wa Ufaransa, alifungua huko Paris nyumba ya wanafunzi maskini wa teolojia. Toka jina lake lilitokea jina la Sorbonne, maarufu hata leo. Huko Leuven, nchi ya Ubelgiji, chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1425 kwa barua ya Papa Martino V. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Adriani, mtoto wa seremala wa mji wa Utrecht. Alisoma, akafundisha, na mwaka 1522 akawa Papa Adriano VI. Hakusahau alikotoka. Alipokufa mwaka 1523 aliacha mali yake ili iwepo nyumba ya wanafunzi maskini wa Leuven, nayo ikaitwa Nyumba ya Papa.

Baadaye wanafunzi walianza kuwa na nyumba za vyama vyao wenyewe. Huko Edinburgh, nchi ya Uskoti, ilifunguliwa mwaka 1889 nyumba iliyojengwa makusudi kwa ajili ya chama cha wanafunzi. Ndani ya nyumba za namna hiyo mna mahali pa kula kwa bei nafuu, chumba cha magazeti, ukumbi wa mikutano, na ofisi ya viongozi waliochaguliwa. Mwanafunzi mwenye shida aingia na kusema shida yake kwa mwenzake, kabla haijawa ugomvi na wakubwa.

Binti wa Leuven juu ya mlima

Sasa tuje kwetu Kongo. Mwaka 1954 chuo kikuu cha Leuven kilimzaa binti Afrika. Chuo hicho kiliitwa Lovanium, ambalo ndilo jina la Kilatini la mji wa Leuven. Kilijengwa juu ya mlima Amba, nje ya Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mgr Luc Gillon, padre wa Ubelgiji na mtaalamu wa fizikia, aliyekiongoza hata mwaka 1967. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 30 hivi. Weusi na weupe walisoma pamoja, jambo lisilokuwa la kawaida katika Kongo ya siku zile. Mwaka 1959 kikapata mtambo wa atomi kwa ajili ya masomo, wa kwanza katika Afrika yote.

Kwa mahitaji ya mwili, wanafunzi wa Lovanium hawakuachwa. Zilijengwa nyumba za kulala, mahali pa kulia, hospitali, kanisa na viwanja vya michezo. Wengi walioishi pale walikumbuka baadaye kwamba walilala vizuri na kula vizuri. Nacho chama chao kilikuwapo, kikiitwa AGEL kwa herufi za kwanza za jina lake la Kifaransa.

Ila palikuwa na upungufu. Mlima ulikuwa mbali na mji, na kila kitu kilitoka mkononi mwa wakubwa: chakula, taratibu, masomo, hata uamuzi wa mambo madogo. Tukumbuke hali ya nchi. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru wake, Wakongo waliokwisha kupata diploma ya chuo kikuu hawakufika 30, ukiacha mapadre. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo serikali ya muda iliundwa kwa wanafunzi na vijana waliotoka tu masomoni. Basi kijana mmoja alikuwa anaongoza wizara, na rafiki yake aliyebaki mlimani alilalamika kwamba angali akihesabiwa kama mtoto wa shule. Mwaka 1961 wanafunzi wa nchi nzima waliunda umoja wao, UGEC, na sauti zao zikazidi.

Jirani zetu wa Uganda walikuwa wamekwisha kuonja jambo hilo. Huko Makerere, mwaka 1952, wanafunzi walisusa chakula cha chuoni. Chuo kikafungwa kwa muda, na baadhi yao wakafukuzwa. Mmoja wao, Abu Mayanja, alikwenda baadaye kusoma Cambridge, kisha akawa waziri katika nchi yake. Wakubwa wa Makerere waliona sahani zilizokataliwa. Nyuma ya sahani palikuwa na vijana waliotaka kuulizwa.

Huko Lovanium mgomo mkubwa ulitokea Machi 1964. Wanafunzi walitaka washirikishwe katika uongozi wa chuo, na kwamba Waafrika wapewe nafasi zaidi. Mgomo ukazimwa, chuo kikafungwa kwa muda. Mwaka 1967 alikuja mkuu wa kwanza Mwafrika, Mgr Tharcisse Tshibangu. Mabadiliko yalikuwa yameanza, lakini nguvu nyingine, kubwa kuliko ya chuo, ilikuwa ikiukaribia mlima.

Tarehe 4 Juni 1969

Mwaka 1967 Serikali ya Mobutu ilibadilisha pesa za nchi, na bei za vitu zikapanda. Posho waliyopewa wanafunzi na Serikali haikutosha tena. Usafiri wa kushuka mjini ulikuwa wa shida. Mwaka 1968 UGEC ilipigwa marufuku. Basi tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka mjini Kinshasa kudai mambo matatu: posho iongezwe, usafiri uwe bora, nao washirikishwe katika uongozi wa chuo. Msomaji aweza kuona kwamba ni mambo yaleyale ya mwaka 1231: riziki na sauti.

Askari waliwapiga risasi. Serikali ilitaja idadi ndogo ya waliokufa. Wengine walihesabu makumi. Wazazi hawakupewa maiti za watoto wao wazike. Viongozi wa wanafunzi walihukumiwa vifungo. Vyama vya wanafunzi vilifutwa, na mahali pake pakawekwa JMPR, yaani vijana wa chama cha Serikali. Chama kikabaki kwa jina tu, maana aliyepaswa kupeleka malalamiko ya wanafunzi kwa wakubwa alikuwa sasa mtumishi wa wakubwa haohao.

Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa. Rais alikasirika. Chuo kikafungwa, na wanafunzi wa Lovanium wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sisi watu wa Kivu hatupaswi kulisahau. Padre mmoja Mjesuiti, mzaliwa wa kwetu Kivu, hakukubali kuwaacha vijana wale peke yao. Aliomba naye aandikishwe jeshini pamoja nao. Jina lake Christophe Munzihirwa. Ndiye aliyekuwa baadaye Askofu wa Kasongo, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Miaka 25 kabla ya kifo chake, alikuwa amekwisha kuonyesha mchungaji ni mtu wa namna gani. Hakuwa na uwezo wa kuwarudishia wanafunzi chama chao wala posho yao. Aliwapa alichokuwa nacho, yaani kuwa pamoja nao.

Agosti 1971 Serikali ilichukua vyuo vikuu vyote vitatu, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, ikavifanya chuo kimoja cha taifa kilichoitwa UNAZA. Lovanium ya Kanisa ikakoma. Mwaka 1981 UNAZA iligawanywa tena kuwa vyuo vitatu, vikiwa bado mkononi mwa Serikali.

Sauti ilipokufa, sahani nayo ilikwenda

Wako watu wasemao: "Siasa iliwaponza. Kama wangalinyamaza, wangalikula." Tupime neno hilo kwa mambo yaliyotokea. Baada ya 1971 wanafunzi walinyamazishwa kweli. Je, walikula? Mwanzo walikula. Kisha, katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, posho ilipungua thamani hata ikawa si kitu, majiko ya chuo yakafungwa, nyumba za kulala zikachakaa, watu wengi wakalala chumba kimoja. Hapakuwa na chama huru cha kusema mapema: paa linavuja, mfuko wa jiko umeliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, huko Lubumbashi, wanafunzi walishambuliwa ndani ya nyumba zao za kulala. Mahali ambapo Papa Gregori alitaka pawe salama kuliko pote, yaani chumba cha mwanafunzi, ndipo damu ilipomwagika.

Baada ya hapo mzigo wa vyuo ulihamia kwa wazazi. Mwalimu na karani wa chuo walipata riziki zao kwa sehemu kubwa kutoka pesa walizotoa wazazi. Januari 2020, huko Kinshasa, kwenye mlima uleule wa Lovanium ya zamani, wanafunzi walifanya maandamano kwa sababu ya malipo ya masomo kupanda, na polisi mmoja akauawa. Serikali ikawaamuru wote waliolala chuoni waondoke ndani ya saa 48. Kuua ni dhambi kubwa, wala chama hakiwezi kuitakasa. Lakini maelfu ya vijana ambao hawakumgusa mtu walijikuta njiani na magodoro yao kichwani, wakitafuta ndugu wa kuwapokea.

Yatupasa tufanye nini?

Ndugu wasomaji, habari hii haikuandikwa ili kuwasifu wagomaji. Wanafunzi wa Paris walianza kwa ugomvi wa kilabu, na vijana wa leo nao hukosea. Pia makundi ya zamani yalikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Askofu Jacques de Vitry, aliyeijua Paris ya karne ya 13, aliandika kwamba wanafunzi wa mataifa mbalimbali walitukanana, kila kundi likiwatia wengine aibu kwa ajili ya nchi yao. Sisi wa Bonde la Ruzizi twajua vema ugonjwa huo una mwisho gani. Chama kinachofungua mlango kwa lugha moja na kuufunga kwa nyingine si chama cha wanafunzi tena. Ni kuni za moto wa kesho.

Lakini mambo matatu yako katika uwezo wetu, hata sasa, bila kungoja pesa za Serikali.

La kwanza ni nyumba. Vijana wanne au watano wa parokia zetu wakienda kusoma mji mmoja, wasitawanyike kila mtu na chumba chake cha bei kali. Wapange nyumba moja, wawe na chungu kimoja, na daftari la pesa linaloonekana na wote. Wawe watu wa Bonde zima: Mfuliiru, Mvira, Mrundi, Mnyamulenge, Mbembe. Wanafunzi wa Bologna walianza hivyohivyo.

La pili ni barua. Kijana akiondoka, aende na barua ya padre wake kwa padre wa parokia atakayofikia. Asipopokewa na mtu mwema siku ya kwanza, atapokewa na mtu mwingine. Akiugua, awepo wa kumpeleka hospitali na wa kutupasha habari.

La tatu ni masikio. Mtoto akirudi likizo na kusema kwamba chuoni hapana maji, au kwamba pesa zimeongezwa bila karatasi, mzazi asimjibu tu: "Nyamaza usome." Amwulize vizuri. Wazazi wa parokia moja wakikusanya maneno ya watoto wao na kuyapeleka kwa heshima kwa wakuu wa chuo, huenda mgomo usihitajike. Papa Gregori alikwisha kuonyesha njia hiyo: mkubwa asikie mapema, mdogo aweke silaha chini.

Padre Munzihirwa hakungoja kuwa askofu ndipo asimame upande wa wanafunzi. Nasi tusingoje kuwa wakubwa. Mwaka wa masomo unapoanza, kila jumuiya na ihesabu vijana wake wanaoondoka, iwaulize watalala wapi, watakula nini, na ni nani atakayewasikia wakiita.